Vijiti vya Mkononi, Mifuko ya Kifuani, na Mambo Tunayomficha Nesi

(Mazungumzo yetu na vikundi vya kujisaidia, Rodi Kopany)

Asanteni kwa viti na kwa chai. Tunajua kuna waliomwachia jirani mboga amuuzie pale barabarani, na kuna wengine wametoka mbali upande wa Ndhiwa, kwa hiyo tutajaribu kutosema mengi. Lakini hatuahidi. Jambo lenyewe limetukaa rohoni tangu tulipokuja mara ya mwisho.

Siku ile, tulipomaliza habari za mbegu na mbolea, mama mmoja alitufuata mpaka kwenye gari. Akatuuliza kwa sauti ndogo. Alikuwa amesikia redioni kwamba mwanamke mwenye implanti awe mwangalifu anapokwenda kupimwa kansa ya matiti. Yeye anayo implanti. Aliwekwa kliniki baada ya mtoto wake wa tano. Tangu asikie habari ile alikuwa hajalala vizuri, akajipapasa mkono usiku kucha. Akamwambia rafiki yake, rafiki akamwambia mwingine, na kabla ya wiki kwisha wanawake watatu walikuwa wamepanga kwenda dispensari kuzing'oa.

Tulimjibu harakaharaka, kwa sababu mvua ilikuwa inakuja. Tukiwa njiani kurudi tukaambiana kwamba hatukumjibu vizuri. Ndiyo maana tuko hapa leo.

Sasa sikilizeni. Neno ni moja lakini vitu ni viwili.

Implanti mnayoijua ninyi ni ile ya kupanga uzazi, vile vijiti vyembamba vinavyowekwa chini ya ngozi ya mkono, upande wa ndani, juu ya kiwiko. Jadelle ni vijiti viwili na hufanya kazi miaka mitano. Implanon ni kimoja na hufanya kazi miaka mitatu. Mama zetu waliowahi kwenda kliniki miaka ya 1990 watakumbuka ile ya zamani iliyoitwa Norplant, ambayo ilikuwa vijiti sita. Ndani yake mna homoni inayotoka kidogo kidogo kila siku. Vijiti hivyo viko mkononi. Havimzuii daktari kuona kitu chochote ndani ya titi.

Implanti waliyokuwa wakiizungumza redioni ni nyingine. Hiyo ni mfuko, mfano wa puto dogo lenye ganda la silikoni, ambalo ndani yake hutiwa ute mzito wa silikoni au maji ya chumvi. Daktari mpasuaji huuweka ndani ya kifua, ama nyuma ya nyama ya titi, ama chini zaidi, nyuma ya msuli. Wengine huwekewa ili matiti yawe makubwa. Wengine huwekewa kwa sababu titi lilikatwa kwa kansa, na daktari akawajengea jingine. Tuuite mfuko, tusichanganyikiwe tena.

Basi mama yetu yule, na wale watatu wengine, hawakuhusika na habari ile ya redio. Lakini walikuwa na swali la kweli chini yake, nalo ni hili: je, vijiti vinaleta kansa ya titi?

Hatutawadanganya. Utafiti uliofanywa kwa miaka mingi unaonyesha kwamba wanawake wanaotumia dawa za homoni, ziwe vidonge, sindano au vijiti, wana uwezekano mkubwa kidogo wa kupata kansa ya titi wakati wanapozitumia, na uwezekano huo hupungua wakiacha. Tumesema kidogo. Kwa msichana au mama kijana ambaye uwezekano wake ni mdogo tangu mwanzo, kidogo juu ya kidogo ni kidogo bado. Upande wa pili wa mizani kuna mimba usiyoitaka, na kuna damu ya uzazi ambayo imewaondoa wangapi katika vijiji hivi, mnawajua wenyewe kwa majina. Mizani hiyo kila mtu aipime na nesi wake. Wala msing'oe kijiti kwa sababu ya uvumi.

Ila kuna neno moja ambalo halina mjadala. Mwanamke ambaye tayari ana kansa ya titi, au amewahi kuugua, hapaswi kutumia vijiti, sindano wala vidonge vya homoni hivi hivi tu. Kama ugonjwa upo sasa, vijiti hutolewa, na atatafutiwa njia isiyo na homoni, kama koili ya shaba. Na aliye na uvimbe ambao haujajulikana ni nini, aende uvimbe upimwe kwanza, na amwambie anayempima kwamba mkononi kuna vijiti.

Hapo pa kumwambia ndipo penye shida yetu.

Tunajua, na ninyi mnajua kuliko sisi, kwamba wako wanawake hapa ambao waume zao hawana habari ya vijiti. Mama mkwe hana habari. Sasa mwanamke huyo akiugua anapelekwa hospitali na nani? Na mama mkwe. Anakaa kwenye benchi, daktari anauliza mbele ya mama mkwe, "Unatumia dawa ya kupanga uzazi?" Atajibu nini? Anasema hapana. Daktari anaandika hapana, na kuanzia hapo karatasi ile inadanganya kila mtu atakayeisoma.

Hatukuja kuamua mambo ya nyumba za watu. Tunachosema ni kwamba una haki ya kumwambia nesi, "Naomba tuzungumze sisi wawili tu." Nesi mzuri atatafuta sababu ya kumtoa mama mkwe nje kwa heshima, atamwambia aende akachukue karatasi dirishani. Wamezoea. Hujamkosea mtu.

Tuje kwenye mifuko. Tunaona baadhi yenu mnatazamana na kucheka, mnajiuliza hapa Rodi nani ana mfuko wa silikoni kifuani. Chekeni tu. Lakini watoto wa Rodi wako wapi leo? Wako Nairobi na Mombasa, wako Ghuba wakifanya kazi za nyumbani, wako Marekani na Uingereza wakilea wazee wa watu. Huko ndiko mambo haya yanakofanywa, na wakati wa mazishi wote wanarudi nyumbani.

Dada mmoja alirudi namna hiyo, kumzika nyanya yake. Alikuwa ameshika kitu kigumu ubavuni mwa titi, karibu na kwapa, akakiogopa. Shangazi yake akampeleka kliniki moja. Nesi akapapasa, akasikia kama ukingo wa kitu chini ya titi, akauliza kama amewahi kupasuliwa kifua. Dada akasema hapana. Shangazi alikuwa pale pale mlangoni. Nesi akaandika barua ya kwenda kupigwa picha, na ndani ya barua hakuna neno la mfuko. Alipofika kwenye mashine, mpiga picha akaona doa kubwa jeupe limeziba nusu ya titi. Ikabidi asimamishe kazi, auliza, na dada akalia, ndipo akasema. Picha zile hazikufaa. Siku hiyo mpiga picha aliyejua namna ya kuzipiga picha za mwenye mfuko hakuwepo, akapewa siku nyingine, na ile siku nyingine ilikuwa baada ya majuma kadhaa. Nauli mara mbili, hofu mara mbili.

Baadaye alituambia hivi: "Nilidhani nikisema, kabla jua halijatua soko lote litakuwa linajua."

Mnataka kujua kile kitu kigumu kilikuwa nini? Hatutasema. Yeye alituruhusu tusimulie mpaka hapo tu, na tumemwahidi.

Hebu tueleze kwa nini mfuko unasumbua picha. Mamogramu ni eksirei ya titi. Titi linabanwa katikati ya vibao viwili ili nyama isambae iwe nyembamba, ndipo mwanga wa eksirei upite. Inaumiza kidogo, kwa muda mfupi, halafu inaachiliwa. Kwa mwanamke asiye na mfuko hupigwa picha mbili kila titi, jumla nne. Silikoni haipitishi mwanga ule vizuri, kwa hiyo nyama iliyo nyuma au kando ya mfuko hujificha, kama vile mtu aliyesimama nyuma ya ghala. Unaona ghala, yeye humwoni. Mwaka 1988 daktari mmoja wa Marekani aitwaye Eklund alieleza njia ya kuusukuma mfuko nyuma kuelekea kwenye mbavu na kuivuta nyama ya titi mbele, ndipo ibanwe na kupigwa picha yenyewe. Njia hiyo inatumika hadi leo. Kwa hiyo mwenye mfuko hupigwa picha nne za kawaida, na nne nyingine za kusukuma mfuko, jumla nane. Mfuko uliowekwa nyuma ya msuli huficha kidogo kuliko ule uliowekwa mbele yake. Pale picha isipotosha, daktari huongeza ultrasaundi.

Mnaona basi kwamba mpiga picha akijua mapema anajiandaa, na asipojua anapoteza muda wako. Sema unapoomba siku ya kupigwa picha, sema tena unapofika, na umuulize kama hapo wanajua kuusukuma mfuko. Kuna wanaoogopa kwamba mfuko utapasuka ukibanwa. Jambo hilo limewahi kutokea, lakini ni nadra sana, na mtu aliyefundishwa hubana kwa uangalifu. Kukosa kupimwa kwa sababu ya hofu hiyo ni hatari zaidi.

Mwenye mfuko ana titi kama mwanamke mwingine yeyote. Mfuko wenyewe haujaonekana kuleta kansa ya kawaida ya titi. Lakini pia haumkingi. Ratiba ya kupimwa ni ile ile.

Aliyekatwa titi lote kwa sababu ya kansa na kujengewa jingine, upande ule kwa kawaida haupigwi mamogramu tena, maana nyama ya titi imeondolewa karibu yote. Lakini titi lililobaki lipimwe kama desturi, na upande uliojengwa uendelee kupapaswa, hasa kwenye kovu, kwenye ngozi na kwapani, kwa sababu ugonjwa unaweza kurudi hapo.

Mifuko ina historia yake, na si yote mizuri. Wa kwanza kuwekewa mfuko wa silikoni alikuwa mama wa Kimarekani, Timmie Jean Lindsey, huko Houston mwaka 1962. Inasemekana yeye alikwenda hospitali kwa ajili ya kufutwa chale kifuani, na madaktari ndio waliomshawishi ajaribu kitu kipya. Baadaye kukawa na mambo mabaya. Mwaka 2010 huko Ufaransa iligunduliwa kwamba kampuni iitwayo PIP ilikuwa ikijaza mifuko yake silikoni ya viwandani ambayo haikuruhusiwa kutiwa ndani ya mwili wa mtu, na ilikuwa imeuzwa nchi nyingi. Mwenyewe alihukumiwa kifungo mwaka 2013. Mwaka 2019 kampuni ya Allergan iliiondoa sokoni duniani kote mifuko yake yenye ngozi ya kukwaruza, kwa sababu ilihusishwa na kansa nyingine, ya tezi, inayotokea katika kovu linalouzunguka mfuko. Kansa hiyo ni ya nadra. Dalili yake kubwa ni titi kuvimba ghafla na kujaa maji, mara nyingi miaka mingi baada ya kuwekewa. Kwa hiyo kama binti yako aliwekewa zamani, na sasa titi moja limevimba, asiseme ni kuchoka. Arudi kwa daktari. Na mifuko hii si ya maisha. Huchakaa, na mingine hupasuka kimya kimya bila maumivu. Ile kadi aliyopewa siku ya upasuaji, yenye jina na namba ya mfuko, aitunze kama kitambulisho.

Jambo jingine tuliseme upesi. Wako wanaodanganywa na watu wa urembo, huko mijini, kwamba watadungwa sindano ya mafuta au ya silikoni moja kwa moja ndani ya titi, bei nafuu, hakuna kupasuliwa. Msikubali, na waambieni mabinti. Kile kitu hakina ganda. Kinasambaa, kinafanya madonge magumu kila mahali, na baada ya hapo hakuna mkono wala mashine inayoweza kutofautisha donge la sindano na donge la kansa kwa urahisi.

Sasa tuwageukie walio wengi hapa, ambao hawana mfuko wala hawatakuwa nao. Nanyi mnaficha. Mnaficha uvimbe wenyewe.

Kansa ya titi ndiyo kansa inayowapata wanawake wengi zaidi nchini Kenya. Kwa makadirio ya mwaka 2020, walioipata mwaka huo walikuwa karibu 6,800, na waliokufa kwa ugonjwa huo walikuwa zaidi ya 3,000. Hesabu hiyo inatisha kwa sababu ugonjwa huu ukikutwa mapema hutibika, na wengi hupona kabisa. Kwetu wengi hufika hospitali ugonjwa ukiwa umekwisha kuenea. Kwa nini? Donge la mwanzo haliumi. Kama lingeuma tungekimbia. Halafu kuna aibu. Kwa Dholuo titi ni thuno, na hakuna anayelitaja neno hilo mbele ya mkwe wake. Wengine wanasema ni chira, kwamba mwanamke au watu wa nyumbani wamevunja mwiko, basi kwanza miezi inapita katika kutafuta ni mwiko gani. Wazee wetu hatuwadharau. Mila zimeshika miji hii tangu zamani. Lakini donge halingojei kikao kiishe. Fanyeni kikao, na siku hiyo hiyo mgonjwa apande matatu kwenda Homa Bay. Yote mawili yanawezekana.

Dalili ni hizi, zishikeni: donge kwenye titi au kwapani; ngozi kukunjamana au kuwa na vitundu kama ganda la chungwa; chuchu iliyokuwa nje kuingia ndani; damu au maji kutoka kwenye chuchu bila kunyonyesha; kidonda cha chuchu kisichopona; titi moja kubadilika ghafla kwa ukubwa, wekundu au joto. Na kwa mama anayenyonyesha: titi likivimba na kuuma utapewa dawa ya jipu, na mara nyingi ni jipu kweli. Lakini ukimaliza dawa na uvimbe haujaondoka, usikubali kupewa dawa ile ile mara ya tatu. Rudi ukaombe barua ya kwenda mbele.

Kila mwezi ujue titi lako, siku chache baada ya hedhi kwisha, na aliyeacha kupata hedhi achague tarehe, mfano siku ya merry-go-round ya kikundi ili asisahau. Tumia sehemu bapa ya vidole vitatu, zunguka polepole mpaka kwapani. Madhumuni ni kujua lilivyo kawaida, ili likibadilika ulijue. Mwenye mfuko naye ajue ukingo wa mfuko wake uko wapi, asiuogope kila siku, na kitu kipya akitambue.

Kujipapasa peke yake hakutoshi. Mwongozo wa Wizara ya Afya wa mwaka 2018 unataka wanawake kuanzia miaka 25 wapapaswe na mhudumu wa afya aliyefundishwa, na kuanzia miaka 40 wapigwe mamogramu: kila mwaka mpaka 55, halafu kila baada ya miaka miwili mpaka 74. Walio vijana, matiti yao ni mazito na mamogramu haioni vizuri, kwa hiyo hutumiwa ultrasaundi zaidi. Tunajua mnachotaka kusema: mashine ziko wapi? Mwaka 2015 serikali ilianza mpango wa kukodisha mashine kwa hospitali kubwa za kaunti, na za mamogramu zilikuwemo. Kuwepo kwa mashine ni jambo moja, kufanya kazi na kuwa na mtu wa kusoma picha ni jambo la pili. Kabla ya kutoa nauli, nyamrerwa wenu apige simu hospitali ya kaunti aulize kama wanapiga wiki hiyo. Pasipowezekana Homa Bay, kuna Jaramogi Oginga Odinga kule Kisumu, na zaidi ya hapo Eldoret na Kenyatta Nairobi.

Halafu kuna sindano. Donge likionekana, daktari atataka kutoa kipande kidogo kipelekwe maabara. Hapo wengi hutoroka, kwa sababu wamesikia kwamba kansa ikiguswa na chuma inakasirika na kusambaa. Si kweli. Wanaosema hivyo walimwona mtu aliyechelewa, akadungwa, akafa, wakadhani sindano ndiyo iliyomuua. Bila kipande hicho hakuna daktari anayejua atibu nini. Madonge mengi, tena tunarudia, mengi, hayawi kansa. Utarudi nyumbani ukicheka.

Shirika la Afya Duniani linasema kutoka siku unapofika kwa mhudumu mpaka ujue ni kansa au siyo, zisipite siku 60. Sisi tunawaomba vikundi mkae na hesabu hiyo. Katika daftari la kikundi, pale mnapoandika michango, katibu aandike tarehe tu, bila jina na bila sababu: "mwenzetu ameanza safari." Siku ya 30 mwenyekiti amuulize mwenzetu faraghani amefika wapi. Kama amekwama kwa nauli, kikundi kinajua la kufanya. Kama amekwama kwa hofu, atafutwe mmoja wa kumsindikiza, na awe mtu anayeweza kunyamaza. Kila kikundi kina mtu wa namna hiyo, na kila kikundi kina yule mwingine. Tusitaje.

Mambo ya malipo: NHIF haipo tena, tangu Oktoba 2024 ni SHA. Ambaye hajajiandikisha ajiandikishe akiwa mzima. Tumeona watu wakianza kutafuta kitambulisho na namba ya simu mgonjwa akiwa tayari kitandani, na siku zinapotea hapo kwa mambo ya karatasi.

Kwa wale wa kikundi cha kushona na kufuma, tuna ombi. Mwanamke aliyekatwa titi na asiyeweza kulipia upasuaji wa kujengewa jingine, ambao ndio wengi, huvaa titi la bandia ndani ya sidiria. Linaweza kufumwa kwa uzi laini wa pamba na kujazwa pamba. Tumeleta moja mlione, lizungusheni. Ni jepesi, linafuliwa, na mtu anakwenda sokoni bila watu kumkodolea macho. Ninyi mnafuma vitambaa vya makochi kila siku. Hili haliwezi kuwashinda. Anayelivaa alitoe anapopimwa, asione haya.

Mzee pale nyuma ameinua mkono. Ameuliza kama wanaume wanahusika au wamekuja kusikiliza tu. Mzee, wanaume nao hupata kansa ya titi, karibu mmoja katika kila wagonjwa mia. Kwa sababu hakuna anayewaza kwamba mwanamume ana titi, hufika wamechelewa kuliko wanawake. Donge nyuma ya chuchu ya mwanamume liende hospitali vile vile. Na mwanamume anahusika kwa njia nyingine, maana mara nyingi nauli iko mfukoni mwake, na ruhusa pia iko mdomoni mwake.

Yule mama aliyetuuliza swali yuko hapa leo, ila hatutamtazama. Bado ana vijiti vyake. Alikwenda dispensari, akapapaswa, akaulizwa maswali, akayajibu yote.

Sasa tunaomba kina baba mtuwie radhi, mtoke nje kidogo chini ya mti, chai bado ipo. Kina mama mbaki. Tumekuja na nesi wawili, na mlango una komeo. Kila mmoja ataingia chumba cha pili peke yake na leso yake, na atakaloliambia nesi humo litabaki humo.